Pembe za tembo zilizokamatwa: tuzichome au tuziuze?

Furaha (Ibanda, Bukavu): Jumapili harusini mjomba alituchokoza: "Mwaka 2016 Kenya ilichoma tani 105 za pembe. Mwenye njaa huchoma unga?" Meza nzima ikacheka, nami nikakosa jibu. Leo ninalo. Zichomwe.

Mwaka 2008 Botswana, Namibia, Afrika Kusini na Zimbabwe ziliruhusiwa kipekee kuuza akiba zao za pembe kwa China na Japani. Miaka iliyofuata ujangili ulipamba moto. Wataalamu bado wanavutana kama mauzo yale ndiyo chanzo, lakini pembe ikishachongwa muhuri au bangili, nani atajua ilitoka ghalani au porini? Na tembo wa msituni si mbuzi. Jike huanza kuzaa akikaribia miaka 23, hubeba mimba karibu miezi 22, kisha hukaa miaka 5 au 6 ndipo azae tena.

Mama Zawadi (Miti): Furaha mwanangu, hesabu zako nimezisikia. Moshi hauliwi. Batwa, wenyeji wa msitu, walifukuzwa kwenye hifadhi ya Kahuzi-Biega miaka ya 1970 bila fidia. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu imeshasema haki zao zilivunjwa. Hapa kwetu wanalima mashamba ya watu, kibarua cha siku, wengine kwa jembe la kuazima. Njoo uwaambie wewe kwamba mali inatiwa kiberiti.

Furaha: Hapo umenibana, mama. Ila pesa hiyo ingepita ofisi ngapi kabla ya kufika Miti? Wapewe ardhi, wapewe na fungu la pesa ya watalii wa ngagi. Pembe unaiuza mara moja tu. Tena kwa nani? Biashara ya kimataifa ilipigwa marufuku 1989, na China yenyewe ilifunga soko lake la ndani mwisho wa 2017. Wanunuzi wa nje wanaobaki ni wa magendo. (Mjomba, kama unasoma, jibu hilo.)

Mzee Bahati (Kadutu): Nyie mnavutana pembe, mimi nakumbuka njia. Kabla ya vita nilibebea wageni mizigo juu ya Tshivanga, kwenye makao makuu ya hifadhi. Tembo walikuwa wamekanyaga njia pana, unapita bila panga. Vita vikamaliza karibu tembo wote wa huko milimani. Nilipopanda tena, mitambaazi ilikuwa imefunga kila mahali. Mwanangu alitangulia akikata, saa nzima, na kijito tulikuwa bado tunakisikia tu.