Brothers in Arms baada ya miaka mingi: gemu ni mbovu au mimi?

Mwana wa Ngamiani
Ndugu zangu, habari za jioni. Utotoni tulikuwa tukilipa shilingi 200 kucheza PlayStation 2 katika kibanda kimoja cha barabara ya 12, na gemu niliyoipenda kuliko zote ni Brothers in Arms: Road to Hill 30, ile ya mwaka 2005 ambayo unakuwa Sajini Matt Baker wa askari wa miamvuli wa Marekani, walioshuka Normandy, Ufaransa, usiku wa kuamkia Juni 6, 1944. Juzi nimeiweka kwenye kompyuta mpakato yangu na nimestaajabu. Namlenga Mjerumani aliyejibanza nyuma ya ukuta wa mawe, nafyatua risasi zote 8 za bunduki yangu ya M1 Garand mpaka klipu inaruka kwa ule mlio wake, na hakuna hata moja iliyompata. Nikitoka mafichoni nauawa. Askari wenzangu wa kikosini nao wamejikunyata kana kwamba hawanijui. Je, toleo la kompyuta lina kasoro?

Fundi wa Chumbageni
Kaka, toleo lako ni zima. Risasi hupotea kwa makusudi, kwa kuwa waundaji wake, Gearbox Software, hawakutaka mtu mmoja amalize vita peke yake. Tazama duara jekundu lililo juu ya adui: risasi zikimiminwa upande wake, hata zisipompata, wekundu hupungua mpaka duara zima linakuwa la kijivu, na hapo ujue ameinamisha kichwa na hawezi kulenga sawasawa. Kazi hiyo waachie wenzako. Waweke nyuma ya ukuta au gogo, waamuru wafyatue, kisha wewe uzunguke ubavuni. Ila usikawie njiani, maana wakinyamaza wekundu hurudi.

Dada wa Raskazoni
Mimi nadhani tulikuwa tukiicheza vibaya tangu zamani. Maagizo yalikuwa ya Kiingereza, dakika zilihesabiwa, na nyuma yako kuna foleni ya watoto wanaopiga kelele, "Ingia! Ingia!" Nani angesimamisha gemu ili atazame uwanja kutoka juu, kama gemu yenyewe inavyoruhusu? Kilichotubeba ni kwamba ukifa mara nyingi mahali pamoja, gemu hukiri kuwa vita havina haki lakini gemu inapaswa kuwa nayo, kisha hukuuliza kama wewe na kikosi chako mrudishiwe afya. Sisi tulikuwa tukibonyeza kukubali bila kusoma.

Mwana wa Ngamiani
Ahsanteni sana. Jana baada ya isha niliwapanga wenzangu watatu nyuma ya ukuta, nikasubiri duara liwe la kijivu, nikapita kando ya ua wa miti na kuwakuta Wajerumani wawili wamenipa mgongo. Hata hivyo, mwenzangu mmoja niliyemweka mahali peupe alipigwa akaanguka, nikasikitika kweli. Kumbe misheni iliyofuata yupo, mzima, anatania wenzake. Hilo nalo ni la makusudi?

Fundi wa Chumbageni
Ndiyo, wote hurudi, isipokuwa wale ambao hadithi yenyewe imekwisha kuwaandikia kifo. Sitakutajia majina.