Marangu hadi Mandara kwenda na kurudi siku moja mwisho wa Mei: njia ikoje?

Mtaka_Maundi
Wakuu, habari za leo. Tuko wanne, tunataka kupanda Mlima Kilimanjaro kutoka lango la Marangu hadi kambi ya Mandara, tufike na kreta ya Maundi, turudi siku hiyohiyo. Ni Jumamosi ya mwisho ya Mei. Masika yanaelekea kuisha, mjini kumeanza kukauka. Je, msituni nako kumekauka? Wawili wana buti za kupandia, wawili wana gambuti tu. Naomba ushauri.

Mizizi_na_Tope
Karibu, mkuu. Usipime njia kwa hali ya mji. Moshi iko chini sana, na ukanda wa msitu ndio unaopokea mvua nyingi zaidi mlima mzima. Jua haliifikii njia kwa sababu ya miti, na hata mvua ikikatika, majani yanaendelea kudondosha maji ya ukungu. Mwisho wa Mei tegemeeni tope.

Kutoka langoni hadi Mandara ni kama kilomita 8, mnapanda hadi mita 2,720. Kupanda si tatizo, saa tatu hadi nne zinatosha. Watu huumia wakati wa kushuka: miguu imechoka, udongo ni mfinyanzi uliolowa, na magogo ya ngazi yameota ukungu wa kijani. Mizizi iliyolala kwa mshazari ndiyo mibaya kuliko yote. Usiikanyage, ivuke. Kanyaga kwa unyayo wote badala ya kutanguliza kisigino, hatua ziwe fupi, goti likunjwe kidogo. Mwenye fimbo za kupandia zinazorefuka azirefushe sentimita 5 hadi 10 wakati wa kushuka, vinginevyo atainama mbele na kuteleza.

Mkikuta dimbwi, piteni katikati. Najua inauma kuchafua viatu, lakini kila anayezunguka pembeni anaua mimea inayoshikilia kingo, na msimu ujao njia inakuwa pana maradufu na tope maradufu.

Koti_Kavu
Naongeza kuhusu mavazi. Kila mita 100 mnazopanda, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu digrii, kwa hiyo Mandara kuna baridi ya digrii kumi na zaidi kuliko Moshi mjini. Fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki, na mkikaa dakika kumi kula, mtaanza kutetemeka. Kila mtu abebe fulana kavu na soksi kavu, abadilishe mara tu anapofika, KABLA ya kula.

Kifuniko cha mvua cha begi hakitoshi, maji hupenya upande wa mgongoni. Vitu viwekwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Msije na mifuko ya plastiki ya dukani, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Chupa za maji za kutupa nazo haziruhusiwi hifadhini. Lita 2 kwa kila mtu, kwenye chupa ya kudumu.

Mizizi_na_Tope
Nilisahau siafu. Baada ya mvua huvuka njia kwa misururu. Suruali ichomekwe ndani ya soksi. Mkiona mstari mweusi, rukeni kwa hatua ndefu kuliko mnavyodhani, maana askari wao wametapakaa pembeni, na msisimame hapo kupiga picha. Wakishapanda mwilini, wang'oeni mmoja mmoja, kupangusa hakusaidii.

Mtaka_Maundi
Asanteni sana. Na Maundi je, tuithubutu? Na hizo gambuti?

Koti_Kavu
Maundi ni dakika 15 hadi 20 tu kutoka Mandara, lakini amueni kwa saa, si kwa hamu. Mkianza saa mbili asubuhi, mnafika Mandara kabla ya saa sita. Ikishapita saa saba, iacheni. Mchana mawingu kwa kawaida yamejaa, hamtaviona vilele vya Kibo na Mawenzi. Saa nane muwe mmeshaanza kushuka: kwa tope hesabuni saa tatu, na giza la msituni linatangulia jua kuzama. Taa ya kichwani ibebwe hata hivyo. Mwongozaji ni lazima hata kwa safari ya siku moja, na malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu, kwa hiyo malizeni hayo mapema ili msipoteze asubuhi langoni.

Mizizi_na_Tope
Gambuti zinafaa kwenye tope, sibishi, ila hazibani kifundo, na wakati wa kushuka mguu huteleza ndani hadi vidole vigonge mbele. Wavae soksi mbili nene, wakate kucha siku mbili kabla. Soli ikiwa imelika, waazime buti. Wenye buti nao wakaze kamba upya pale Mandara, hasa sehemu ya juu ya mguu, ili kisigino kisitoke mahali pake.