Jirani anajenga na anaingia kwako: mulifanya nini? Tupeane uzoefu

Mama wa Ndosho

Jambo wote. Naleta hii hapa juu nimechoka kuibeba peke yangu, na najua hapa Goma siko wa kwanza.

Tulinunua parsele (kiwanja) yetu Ndosho 2014, mita 15 kwa 20, na kati yetu na jirani kulikuwa tu miyenzi (ua wa miti), hakukuwa ukuta. Huyu jirani ni mzee, mtu mzuri, tulipofiwa na baba mkwe njo yeye alileta viti na akakesha na sisi siku zote za kilio. Sasa 2022 nikaenda Butembo wiki tatu kwa matanga, kurudi nakuta miyenzi imekatwa, imerundikwa pale kando imekauka, na msingi wa mawe umeshapandishwa urefu wote. Nikasimama tu pale na begi kichwani. Nilikuwa najua vizuri kutoka ukuta wa jiko langu mpaka kwenye miyenzi ni mita 2 kamili juu hapo njo chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili) ya maji ilikuwa inapitia, nikachukua metere, nikapata 1 na 60. Siku hizi chukudu haipiti tena, bidoni zinashushwa kule njiani na watoto wanazibeba mkononi moja moja.

Na mimi nikanyamaza. Nilisema huyu ni mzee, nitaanzia wapi, acha kwanza nipate mtu wa kuongea naye. Wiki mbili nikawa nawaza maneno ya kumwambia na wale mafundi wanapanda tu, siku nilienda kwake ukuta umeshafika kwa madirisha. Akanisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, mama, mbona haukusema wakati ilikuwa msingi tu? Sikuwa na jibu.

Tulienda kwa nyumbakumi, kisha kwa shefu wa kartye (mtaa), jeometre (mpimaji wa ardhi) akaletwa, tukamlipa transpo sisi wote wawili nusu kwa nusu. Akapata sentimita 38. Mzee alikubali mbele ya watu. Kubomoa hapana, hana tena pesa ya kuanza upya na mimi nilimuona kama anatetemeka, basi tukasikilizana ukuta ubaki, uwe wa sisi wote wawili, na siku nitataka kujenga naruhusiwa kuuegemea. Ila iliishia kwa mdomo. Mpaka leo sijui nilifanya vizuri ao niliharibu haki ya watoto wangu. Wenye walipitia hapo, mulifanyaje?

Fundi wa Majengo

Mama pole sana. Mimi ni mwashi, miaka 17 kwa hii kazi, nitakuambia kitu chenye wenye parsele wengi hawajue.

Ukuta wa juu ni sentimita 20, lakini msingi wa mawe chini unaweza kufika 50 mpaka 60 juu mawe yetu ya volkano hayalaliane kama matofali, lazima upate upana. Sasa mtu anavuta kamba palepale kwa mpaka na anasema ukuta ukae katikati ya kamba. Juu unaona ameingia sentimita 10 tu, unasema haina shida, lakini chini ya udongo ameingia karibu 30. Siku na wewe utachimba wa kwako utakuta mawe yake yanakungoja. Kwa hiyo kamba inavutwa ndani kwa mwenye kujenga, ule mdomo wa nje wa msingi njo unagusa mpaka, ukuta unabaki ndani. Wenye kujenga hawapendi hii juu wanaona wanapoteza, lakini ni hivyo.

Na kingine, nitasema ukweli na inaniuma. Kuna siku boss alituita saa 12 asubuhi siku ya Mungu, akasema chimbeni mbio mbele watu watoke kanisani. Tulichimba. Jirani yake alirudi na bibilia mkononi na watoto wamevaa vizuri, akatuangalia sisi mafundi, hakumuangalia hata boss. Tangu ile siku mbele ya kupiga jembe nauliza, jirani eko wapi? Kama hayuko nangoja, na kama mwenye kazi hataki kungoja atafute fundi mwingine. Nimeshapoteza kazi mbili hivyo.

Mama, chimba kidogo kwa kona uangalie chini. Hizo 38 jeometre alipima juu ao chini?

Mtoto wa 2002

Nyinyi muna bahati muna kitu cha kupima. Sisi lava ya volkano Nyiragongo ilikula mpaka wenyewe.

Tulikuwa karibu na katikati ya mji. Tarehe 17 januari 2002 tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya Rwanda, kama watu wengine, nilikuwa na miaka 11. Kurudi, avenue haiko, nyumba hakuna, ni jiwe jeusi tu lenye mawimbi, pengine bado linatoa moshi, ukikanyaga viatu vinayeyuka chini. Borni (alama za mpaka) za zege zilikuwa chini yetu mita mbili ao zaidi, hakuna wa kuzifikia. Na watu walianza kujenga palepale juu, juu hawakuwa na pengine pa kwenda, mbao na mabati. Njo vita ya majirani ilianzia. Kila mtu anakumbuka parsele yake ilikuwa kubwa.

Baba na wazee wengine watatu wa avenue walifanya hivi. Walitoka siku moja asubuhi na wake zao, kila mmoja akasimama pale anafikiri mlango wake ulikuwa, bila kuongea. Kisha wakaangaliana. Mama mmoja akasema hapana, wewe ulikuwa unanisalimia ukiwa umeinama kwa robine (bomba la maji), robine yako ilikuwa mbele ya dirisha langu, sogea. Akasogea. Wakaenda hivyo hivyo mpaka jua likawaka, kwa robine, kwa mwembe, kwa pale mtoto wa fulani alianguka akavunjika mkono. Walipomaliza wakapima na kamba kutoka barabara kubwa, kila mtu akapoteza kidogo, wakaandika kwa karatasi ya daftari la shule majina na hatua (vipimo), wote wakaweka kidole. Kadastre (ofisi ya serikali ya kupima ardhi) ilikuja kupima kisha, na walifuata ile karatasi karibu yote.

Baba alishafariki. Karatasi iko kwangu ndani ya plastiki. Mwaka jana mjukuu wa mmoja wao alitaka kupandisha etaji (ghorofa) akaanza kusema mpaka uko huku, nikamuonyesha kidole cha babu yake. Alikaa chini, akaishika muda mrefu, kesho yake akasogeza kamba.

Kadutu juu

Mimi niko Bukavu na kwetu shida haiko sentimita, shida ni mlima. Jirani wa chini anaweza kukaa ndani ya mpaka wake kabisa, hata kidole hakuingiza, na akakuangusha.

Wa chini yangu alitaka kupata uwanja wa gari, akakata udongo wima kama ukuta, mita tatu kwenda juu, mpaka kwenye mstari wake kamili. Nikamwambia kaka, jenga mur (ukuta) ya kuzuia udongo mbele mvua haijaanza, akajibu hiyo ni parsele yangu. Kwa karatasi alikuwa na haki. Mvua ya novemba ikaja, usiku mmoja nikasikia kama lori linamwaga mawe, asubuhi choo changu na nusu ya jiko viko kwa uwanja wake. Mungu alisaidia hakuna mtu alikuwa ndani.

Tulibishana mwezi mzima nani analipa, mimi nasema umekata, yeye anasema choo chako kilikuwa kinamwaga maji ndani ya udongo. Na kweli, maji ya bati langu hayakuwa na mfereji, yalikuwa yanaanguka palepale kwa ukingo, nilikuja kuliona kisha. Mwishowe tulijenga mur pamoja, yeye mawe, mimi sima (saruji) na mchanga, na tukaacha matundu ya mabomba chini maji yatoke, juu mur bila matundu inasukumwa na maji na inaanguka pia. Mwenye kujenga kwa mlima, usiulize tu mpaka uko wapi, uliza maji yataenda wapi.

Mwenye lupango L'shi

Huku Lubumbashi mambo ni tofauti kidogo lakini kilio ni kimoja. Lupango (parsele) yetu iko komini ya Annexe, na kona ya nyuma mpaka ulikuwa kichuguu kimoja kikubwa, kirefu kupita mtu. Bazee baliuziana hivyo, "mpaka pa kichuguu". Jirani mupya akakuja, na munajua udongo wa kichuguu njo muzuri kwa matofali, akaanza kuchimba wake, matofali, tanuru, anachoma, mi naangalia tu, nasema ni upande wake. Miezi mitatu kichuguu hakiko. Na mpaka hauko. Sasa anasema kilikuwa chote kwake.

Chenye kiliniokoa ni mwenye aliniuzia alikuwa angali hai, mama muzee wa komini ya Kenya, hapa hapa L'shi, akakubali kupanda motoka kuja kuonyesha. Alikuta mashina ya mti mwingine wenye nilikuwa nimesahau. Weka borni ya zege, usiamini kichuguu wala mti.

Karatasi za ardhi

Nafanyaga kazi ya kusaidia watu na makaratasi ya ardhi, nijibu mama wa Ndosho.

Sheria yetu ya ardhi ya Kongo (RDC) ni ile namba 73-021 ya tarehe 20 julai 1973, iliguswa tena 1980. Kwa hiyo sheria ardhi yote ni ya serikali, sisi tunapewa konsesio (haki ya kuitumia), na haki yako juu ya parsele inasimama kwa sertifika ya enrejistrema (hati iliyosajiliwa). Akti ya kuuziana na fishi ya parsele kutoka kartye zinasaidia kuonyesha historia, lakini hazina nguvu ya sertifika. Kama jirani ana sertifika inayokula kipande chako, usilale, juu kisha miaka 2 haishambuliwi tena, unabaki tu kudai fidia.

Ndani ya dosie kuna karatasi ya kupima na kuweka borni, njo hiyo utaomba kopi, iko na hatua za kila upande. Ulinganishe na zile za mzee.

Sasa mapatano yenu. Mama, haukuharibu kitu, lakini maneno ya mdomo yanakufa na watu. Muandike: ukuta uko kwa nani, umeingia sentimita ngapi juu na ngapi chini, wewe unaruhusiwa nini, maji ya bati lake yanaanguka wapi, na kwamba ukuta kukaa pale hakubadilishe hatua za parsele yako. Weka mchoro kidogo hata wa mkono. Watoto wakubwa wa pande zote wasaini, mashahidi, nyumbakumi na shefu wa kartye. Fanyeni mzee akiwa na nguvu.

Mama wa Ndosho

Asanteni. Kweli asanteni. Fundi, nilichimba jana na mtoto wangu pale kwa kona ya jiko. Chini msingi unatoka tena sentimita 14 zaidi. Jeometre alipima juu.

Leo jioni nilienda kwa mzee, safari hii sikungoja wiki mbili. Nilimuambia yote, na ile ya chini, na ile ya karatasi. Hakuongea kwanza. Kisha akasema yeye pia hiyo kitu inamnyima usingizi, aliogopa siku atakufa watoto wake watanifukuza na ule ukuta. Akanipa kiti, akamuita kijana wake mkubwa alete taa na metere, tukaenda kupima tena sisi watatu usiku huu. Kijana alishuka ndani ya shimo mwenyewe. Jumamosi saa 3 tunaandika.