Mrejesho: binti yangu na tiba shufaa

Wapendwa, niliwauliza kama kukubali tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, kwa binti yangu mwenye saratani ni kumkatia tamaa. Asanteni kwa majibu, hata yale makali. Tumeianza, na dawa za saratani anaendelea nazo. Kumbe vyote huenda pamoja. Mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, anapewa kila baada ya saa 4, hata asipolalamika, maana maumivu yakishapanda kuyashusha ni kazi. Choo kikawa kigumu, akaongezewa dawa ya kulainisha. Sasa analala, na jana kagombana na kaka yake kisa rimoti. Nilifurahi jamani! Huyo kaka naye, muuguzi wa binti alimweka pembeni, akamuuliza anaogopa nini. Akasema anadhani ugonjwa unaambukiza. Suala la shule bado, tunamsubiri daktari.