Leseni ya usekyuriti Uingereza

Asalaam aleikum jamaa. Niko Lamu, Langoni. Binamu yangu anamfuata mkewe Uingereza, viza yake ya kumfuata mkewe ishatoka, na kazi anayoijua ni usoja, amelinda hoteli Shela miaka. Vyeti vyake vya huku vitamfaa?

> Waaleikum salaam mwanangu. Hivyo avieke tu sandukuni. Hapa kazi ya kampuni za ulinzi ni leseni ya SIA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia walinzi, ukishikwa huna ni kesi ya jinai, si maonyo. Umri ni kuanzia 18, viza hiyo inamruhusu kazi kwa hivyo hapo hana shida, halafu anafanya kwanza kozi ya huduma ya kwanza ndo aingie ile ya ulinzi, na Kiingereza kiwe kizuri manake kuna kuandika ripoti na mtihani, aanze kujinoa saa hii asingoje baridi imkute.
>
> Penye wengi wanakwama ni good conduct, kile cheti cha polisi cha kuonyesha huna makosa. SIA wanataka anwani zako za miaka 5 nyuma, na ukiwa umeishi nje ya Uingereza miezi 6 mfululizo ndani ya hiyo miaka, lazima ulete cheti cha polisi cha huko. Sasa yeye yuko hapo hapo, aombe kwa eCitizen, mtandao wa serikali ya Kenya, akapigwe alama za vidole, amalize. Akiacha mpaka afike huku ataanza kutafuta mtu wa kumpiga vidole na kutuma fomu Nairobi, na kodi ya nyumba haimngoji. Ila asitoe mapema mno, iwe karibu na safari.

> Naongezea kwa ami hapo. Achukue leseni ya dosupavaiza, yaani mlinzi wa mlangoni kwa baa na vilabu, asichukue ya gadi peke yake. Najua atasema mtoto wa Lamu mlangoni kwa baa, astaghfirullah! Lakini hakuna anayemlazimisha baa, leseni hiyo inamfungulia pia maofisi, maduka, hospitali, lakini ile ya gadi haikuruhusu kufanya kazi ya mlangoni kwa baa. Inakaa miaka 3. Na ada ukishalipa wakakukataa hairudi, kwa hivyo kama ana kesi yoyote ya zamani aitaje, si kila kesi inafunga mlango, kuficha ndo balaa.

Shukran sana ami, na wewe dada. Kuna ajenti Malindi amemwambia alipe, kozi aifanye kwa simu aende na leseni mkononi.

> Asitoe hata ndururu! Kozi inafanyiwa huku, kwa mwili wako, unarekodiwa video ukimshika mlevi wa kuigiza kumtoa nje.