Mtihani wa uraia Marekani, nani anaujua?

mama_kisenyi: Wapendwa habari za jioni. Dada yangu tulikuwa naye kambi ya wakimbizi ya Nakivale hapa Uganda akapelekwa Marekani, sasa anaomba uraia na jana kanipigia analia eti ataulizwa historia na mambo ya serikali, na shule mimi na yeye tuliishia la nne. Wanaandika ama ni mdomo?

boda_ntinda: Ni mdomo nyabo, ofisa anauliza anajibu. Kama aliomba kuanzia 20 Oktoba 2025 anasoma maswali 128, anaulizwa mpaka 20, akipata 12 amepita. Aliyeomba kabla ni 100, anaulizwa mpaka 10, anatakiwa 6.

mzee_kyaka: Asichanganye na ya kwetu. Huku Kampala bunge ni nyumba moja, kule ni mbili, Seneti watu 100, kila jimbo wawili hata kama ni kadogo, wanakaa miaka 6, halafu ile ingine wabunge 435 miaka 2 tu (mimi ningechoka na kampeni). Rais miaka 4, hapa 5. Na akiulizwa sheria kuu ya nchi asiseme rais banange, ni katiba!!

mama_kisenyi: Hahaha angesema rais kweli. Na akifeli?

boda_ntinda: Anarudia mara moja tu, baada ya siku 60 mpaka 90, ile sehemu aliyofeli tu. Maswali yako bure kwenye tovuti ya uhamiaji wao, mtu asimuuzie kitabu

mama_kisenyi: Eh, kitabu keshanunua 😭