Pine za mbele zinakulika ndani tu, nishushe upepo ao nijaze?

Dereva wa Ndosho
Jambo kwenu bote. Niko na RAV4 ya zamani, ile ya usukani wa kuume, natembea nayo hapa Goma, Ndosho na Katindo, siku zingine mpaka Sake. Pine za mbele nilinunua okazyo, yaani zilishatumika, zikiwa na meno mazuri kabisa, sasa upande wa ndani umekuwa laini sawa kiganja cha mkono lakini upande wa nje meno iko. Kwado wetu wa hapa, yule wa kuziba pine, anasema nishushe upepo juu barabara zetu ni mawe ya volkano, eti pine ikilegea inameza jiwe, ikiwa ngumu jiwe linaipasua. Jirani yangu naye anasema nijaze mpaka ile namba imeandikwa ku pine yenyewe. Nisikie nani? Na bei ya pine mpya munaijua wenyewe.

Fundi wa Majengo
Yaya, usisikie hata mmoja. Ile namba iko ku ubavu wa pine ni mwisho, yaani usiipite, haisemi gari yako inataka ngapi. Namba ya gari yako iko ku kibandiko, fungua mlango wa dereva uangalie ku nguzo. Gari za Japani mara mingi banaandika upepo kwa kPa, usiogope, 220 kPa ni bar 2,2, basi.
Sasa kuhusu kukulika. Ingekuwa upepo kidogo, pine ingeisha pembeni zote mbili, kati ibaki. Ungejaza kupita kiasi ingeisha katikati. Yako inaisha ndani peke yake, hapo upepo si mwenye kosa, ni paralelismu, yaani magurudumu hayajapangwa yaangalie mbele sawasawa, ao kuko kitu kinacheza chini, rotile (kiungo cha gurudumu), silentibloki (mpira wa kiungo), mambo ya namna hiyo. Pitisha mkono juu ya meno kutoka nje kuenda ndani kisha urudishe: ukisikia huku inateleza huku inakwaruza, ujue pine haziangalii mbele sawasawa, zinakokotwa pembeni kila mita unatembea. Na nikuulize, hukuinua gari? Hapa Goma kila mtu anataka gari ya juu, banaweka vipande vya chuma ku resori (springi), gari inapanda, anglo zote za magurudumu zinabadirika, halafu hakuna mtu anafikiria paralelismu.

Mama Keshero
Fundi usimtukane sana kwado 😂 ile ya kushusha upepo si bongo kabisa. Kwa matope ao mchanga, polepole, inasaidia, mi mwenyewe nashusha kidogo nikienda shamba. Lakini mu mji hapana. Pine ikilegea ubavu unatoka inje, na haya mawe yetu ya lave yako na makali sawa unavyojua, tangu ile volkano ya 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ku ziwa tunaishi juu yake. Jiwe likikata meno kwado anaziba, likikata ubavu umekwisha, kazi yake ni kuenda kuvalisha magurudumu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo. Halafu na upepo kidogo ukifika ku lami ukakimbia, pine inapata moto sana ndani, hapo njo inapasuka na batu ndani ya gari.

Mwana Bukavu
Mi naongezea ku okazyo. Meno mazuri si kitu, angalia miaka. Tafuta ku ubavu herufi DOT, mwisho wa mstari wake kuko namba ine, tuseme 2316, maana yake ilitengenezwa juma la 23 ya mwaka 2016. Batu bananunua pine meno iko yote kumbe mpira umekauka, ukiangalia ubavu unaona vile vipasuko vidogo vidogo. Iyo hata uitunze namna gani haidumu. Kwetu huku na ile milima breki nayo inakula pine, mteremko dereva anafunga breki kila saa badala ya kurudisha vitesi (gia), lakini iyo ni mambo ingine.

Dereva wa Ndosho
Aksanti sana bakubwa. Ni kweli gari iliinuliwa, niliipata hivyo kwa mwenye aliniuzishia. Na mbele kwenye mashimo kunapiga kelele ko-ko-ko. Naweza kufanya paralelismu leo halafu nikapeleka zile za mbele nyuma?

Fundi wa Majengo
Iyo ko-ko-ko njo ya kwanza. Ukifanya paralelismu na rotile inacheza unatupa feza, shimo la kwanza tu ku njia ya Sake inarudi vilevile. Badirisha kile kimekufa, njo upange paralelismu, njo upeleke za mbele nyuma, na kuanzia hapo uzungushe kila kilometa 8 000 ao 10 000. Angalia kama ku ubavu kuko mshale, iyo haivuki kutoka kuume kuenda kushoto, inabaki upande wake. Na kama gari yako inavuta magurudumu yote ine, usiweke mbili mpya na mbili zimeisha, utachosha mashini ya chini. Ila ule upande wa ndani kama nyuzi zinaonekana, usipeleke hata nyuma, toa.
Uje asubuhi mbele hujatembea, tupime upepo pine zikiwa baridi. Ukija moja kwa moja toka Sake namba itakuwa imepanda, na mtu asikudanganye kuipunguza.